Ngamia wa Mzee Hirsi Ukutani

Mliniomba niwaachie slaidi za mafunzo kuhusu jinsi ya kutengeneza slaidi. Nimekataa. Miaka yote niliyokaa pale ofisini nilikuwa nikiwaambia watafiti kwamba si kila jambo linahitaji ukuta na umeme, na sasa kwa kuwa nimestaafu naona nami nianze kujisikiliza. Kwa hiyo mimineni chai, kaeni chini, someni. Nimeandika aya ndefu makusudi, kwa kuwa hakuna tena mtu wa kuniambia maneno yamezidi.

Niliingia ofisi ya utafiti wa mifugo hapa Garissa nikiwa karani wa taipureta. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikapewa ripoti ya kurasa nyingi kuhusu kupe, na kabla sijamaliza ukurasa wa pili akaingia mwanamume mfupi mwenye wino kwenye vidole vyote kumi. Alikuwa Bwana Mutua, Mkamba kutoka Mwingi, mchoraji wa ofisi. Hakunisalimia. Alichukua karatasi niliyokuwa nimeandika jina langu kwa kalamu, akaitazama, akaniuliza, "Huu mwandiko ni wako au umeazima?" Nikasema ni wangu, nilifundishwa na masista shuleni. "Basi wacha kupe. Kuja huku."

Chumba chake kilikuwa na mapazia mazito, na joto lake lingeweza kuoka mkate. Humo ndimo nilipoiona projekta ya zamani kwa mara ya kwanza, ile ya kioo bapa juu na shingo ndefu yenye lenzi. Ulikuwa ukiandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya plastiki, unaiweka juu ya kioo, na maneno yanatokea ukutani. Kazi yangu ikawa kuandika maneno hayo, na taipureta ikapata mtu mwingine wa kuigombeza.

Nyinyi mnalalamika kompyuta ikichelewa kuwaka. Sisi tulipigana na jasho. Mkono ukigusa plastiki, wino unatanda na jina la ugonjwa linageuka doa. Nilijifunza kuandika nikiwa nimetandika leso chini ya kiganja, na kuweka gazeti kati ya karatasi na karatasi ili joto lisizigandishe pamoja ndani ya sanduku. Balbu ya projekta ilisafiri hadi Wajir na Mandera ikiwa ndani ya soksi ya Bwana Mutua. Soksi safi, alisisitiza kila mara, ingawa sikuwahi kumuuliza.

Alikuwa na kipimo kimoja alichokiamini kuliko macho ya daktari. Nikimaliza karatasi aliitupa sakafuni, akaniambia nisimame wima niisome. "Ukiinama, umeshindwa. Rudia." Nilirudia sana. Watafiti wakija na jedwali lenye safu kumi na mbili, aliwapeleka mlangoni, akawasimamisha hapo na kuwaambia wasome. Wengine walikasirika. Mmoja aliyekuwa na shahada kutoka ng'ambo alimwambia kwamba takwimu haziwezi kupunguzwa kama nywele. Bwana Mutua akamjibu kwa upole kwamba hakuna aliyetaka kuzipunguza, zikae zote kwenye ripoti, lakini ukutani ipande ile moja iliyoitiwa mkutano.

Mwingine aliyenifundisha ni mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley ambaye hata jina lake sikulipata. Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeshafika, na Bwana Mutua alikuwa amerudi kwao kufuga nyuki. Watafiti walikuwa wamependa mno yale maneno yanayoingia yakirukaruka. Katika mkutano mmoja kila herufi ilizunguka mara tatu kabla ya kutua, hadi mgeni wa heshima akafumba macho na sisi tukadhani anaomba dua. Kambini Dagahaley nilikwenda na watu wa afya kuonyesha akina mama matokeo ya uchunguzi wa maji. Nilikuwa nimechora duara zuri lililokatwa vipande vya rangi, kila kipande kikionyesha maji yanatumika kwa nini. Tulitundika shuka ndani ya hema, tukawasha. Yule mama aliyekaa mbele na mtoto mgongoni akatazama, akatazama tena, akauliza, "Hii anjera, nani amekula hiki kipande?"

Hema zima lilicheka, na mimi nikacheka nao hadi machozi. Lakini usiku sikupata raha, kwa sababu alikuwa na haki. Duara lile lilikuwa anjera kweli, ule mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, na hakuna mtu aliyewahi kuteka maji kwa anjera. Kutoka siku hiyo nilichora madumu. Kosa jingine nililiona hapo hapo: herufi za manjano zilizopendeza ofisini zilipotea kabisa kwenye mwanga wa hema. Mahali penye jua kama kwetu, andikeni nyeusi juu ya nyeupe na muwaachie maharusi hayo mapambo mengine.

Elwak nako nilipigwa darasa. Nilikuwa nimechora bei za mbuzi kutoka Januari hadi Desemba, mstari unapanda na kushuka, nikajiona fundi. Mfanyabiashara mmoja mzee alinyoosha kidole akauliza, "Gu iko wafi?" Gu ndiyo mvua yetu kubwa, na mwaka wa mfugaji unaanzia pale, si kwenye kalenda ya ukutani. Nikarudi ofisini nikaandika misimu yetu minne, Gu, Hagaa, Deyr na Jilaal, chini ya mstari, na ghafla kila mtu akawa mchumi.

Nawaambia haya mapema ili msidhani nilifika Griftu, kule Wajir, nikiwa mjinga. Nilifika nikiwa najua kazi, na kujua huko ndiko kulikoniponza.

Miaka ya mwishomwisho alikuja ofisini Daktari Sahra, binti wa Wajir, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Aliniita Edo, yaani shangazi, na akaendelea kunisumbua kama shangazi hasa. Alikuwa akifuatilia dhukaan, ule ugonjwa unaoletwa na nzi wanaouma ngamia, ambao humkondesha mnyama na kumfanya atupe mimba. Swali lake lilikuwa moja: wafugaji wadunge dawa kabla ya mvua, nzi hawajazaliana, au wangoje waone dalili kama walivyozoea? Mwaka wa kwanza wafugaji wa Griftu walikuwa wamemletea ngamia, akawapima na kuwatibu, wengine kabla ya mvua na wengine baada. Dalili za majibu zilikuwa nzuri. Lakini ngamia wale wale walipaswa kuletwa mwaka wa pili. Wasipokuja, kazi yote ingekuwa hadithi tu, wakubwa wangeifunga, na wafugaji wangeendelea kungoja dalili.

Mkutano wa kuwaomba warudi ulipangwa siku ya soko, katika ukumbi wa shule. Tulitengeneza slaidi kumi na tisa. Ya tatu ilihitaji picha ya ngamia mwenye dhukaan, na Sahra alikuwa nayo moja aliyoipiga mwenyewe: ngamia jike amekonda, jua la asubuhi, kila mfupa unaonekana.

"Edo, hii picha ni noma," aliniambia.

Ilikuwa noma kweli. Nami, kwa ufundi wangu wote, nikafanya yale niliyofundisha watu miaka mingi. Nikakata miti ya nyuma, nikakata mtu aliyemshika, nikaisogeza hadi paja na mbavu za ngamia zikajaa slaidi nzima. Nikatembea hatua sita nyuma, nikaitazama, nikaridhika. Katikati kabisa ya slaidi, nyeusi na wazi, ilikuwa chapa ya moto pajani.

Nyinyi mliozaliwa huku mmeshashika kichwa. Mimi pia nimezaliwa huku. Baba yangu aliuza mifugo maisha yake yote, na kabla sijajua kusoma kitabu nilikuwa najua kusoma chapa: huyu wa nani, wa ukoo gani, amepotea kutoka wapi. Mtu wa bara angesamehewa. Mimi niliitazama chapa ile siku nne nzima kwenye kompyuta na sikuona chapa, niliona picha iliyopangika vizuri.

Ukumbini walijaa wazee, wafugaji na wanunuzi waliokuja sokoni. Slaidi ya kwanza na ya pili zilipita salama. Nilipobonyeza ya tatu, wanunuzi wawili wakatazamana. Halafu mzee mrefu mwenye ndevu za hina akasimama kwenye safu ya nne. Kulikuwa na wageni kutoka Nairobi waliokaa mbele, kwa hiyo akachagua Kiswahili ili wamsikie vizuri.

"Mimi naitwa Hirsi. Hiyo ngamia ni yangu. Nilileta kwa huyu daktari kwa imani, kama ndugu analeta mgonjwa hosbitali. Sasa ameweka kwa ukuta, siku ya soko, mbele ya watu wananunua. Kesho nitauzia nani? Daktari, kama unataka kunifulia nguo chafu mbele ya watu, niambie nifue mwenyewe."

Nikabonyeza kitufe cha kuifanya slaidi iwe nyeusi, lakini mtu hawezi kuzima kitu ambacho ukumbi mzima umeshakisoma. Mzee Hirsi alitoka. Wa ukoo wake wakamfuata, kisha wengine, maana kila mmoja alikuwa anajiuliza ngamia wake yuko kwenye slaidi ya ngapi. Tulibaki na wageni wa Nairobi, ambao waliuliza kama kuna hitilafu ya umeme.

Jioni ile Sahra alikaa kwenye ngazi za shule akalia. Alisema amewaaibisha watu waliomwamini, na kwamba miaka yake miwili imekwisha. Nilimwambia kosa ni langu, mkono uliokata ile picha ni huu hapa. Na niliumia, siwafichi. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na niliogopa kwamba kumbukumbu yangu pale itakuwa ni paja la ngamia.

Kwetu ukimvunjia mtu heshima huandiki barua. Unapeleka haal, kitu cha kuomba radhi, na unapeleka na uso wako. Tulimwomba imamu wa Griftu atutangulie, tukachukua sukari, majani ya chai na kikoi kizuri, tukaenda hadi kwa Mzee Hirsi, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini. Alitupokea kwa maziwa ya ngamia, akatuacha tunywe, akatuacha tuseme. Nilisema mimi ndiye niliyekuza picha, na kwamba mimi ni binti wa mchuuzi wa mifugo na nilipaswa kujua.

"Binti wa nani?" akauliza. Nikamtajia baba.

"Alinunua kwangu fahali wawili huyo, Mungu amrehemu. Angekuona angekuchapa." Alikunja kikoi, akakiweka kando, na hapo nikajua radhi imepokewa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Huo ukuta wenu uko wapi? Nataka kuuona wote kabla haujaonekana na mtu mwingine."

Nilifungua kompyuta juu ya mkeka. Mzee akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaanza kazi. Sijawahi kuona mhariri mkali namna ile, na nimefanya kazi na maprofesa.

"Hii nini?"

"Shukrani kwa waliofadhili, adeer," Sahra alisema, akimwita ami kwa heshima.

"Wao watakuwepo Griftu?"

"Hapana."

"Washukuruni walipo. Na hii?"

"Hii inaonyesha mbinu tulizotumia kuchagua ngamia."

"Ngamia niliwachagua mimi. Nilikuwepo. Toa."

Slaidi ya jedwali alidhani ni dirisha lenye nondo. Alitoa ile ya ramani, kwa sababu kisima kilikuwa kimewekwa upande usio wake na wenye kisima wangesusa. Kila alipotoa moja Sahra alinitazama, nami nilikuwa nacheka ndani kwa ndani, kwa kuwa sauti ilikuwa ya Mzee Hirsi lakini maneno yalikuwa ya Bwana Mutua. Tulianza na kumi na tisa, tukabaki na nane.

"Sasa," akasema, "nyinyi mnataka kuniambia nini? Kitu kimoja."

Sahra akafikiri. "Adeer, sindano kabla ya mvua inaokoa ndama kuliko sindano baada ya mvua."

"Basi andikeni hivyo. Mbona mlikuwa mmeandika 'Matokeo'? Matokeo hata ya uchaguzi ni matokeo."

Nikaandika sentensi ile juu ya slaidi, kwa Kisomali na Kiswahili. Chini yake nikachora ngamia kwa mkono, bila chapa, bila mwenyewe. Safu ya juu ni waliodungwa kabla ya mvua, safu ya chini ni waliodungwa baada. Aliyezaa ana ndama ubavuni, aliyetupa mimba amesimama peke yake. Hakukuwa na nambari wala rangi za kupendeza, na kati ya safu mbili niliacha nafasi pana. Mzee aliinama karibu na kioo.

"Huyu si ngamia. Huyu ni mbuzi aliyebeba mzigo." Akachukua kidole changu, akakiongoza: shingo ianzie chini zaidi, nundu ilale kidogo. Nilirudia mara nne. Bwana Mutua angefurahi.

Mkutano wa pili ulikuwa siku ya soko tena. Walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, wakakaa karibu na mlango kama watu waliojiandaa kuondoka. Slaidi ya kwanza ilikuwa salamu. Nikabonyeza ya pili, zile safu mbili. Sahra alikuwa amesema maneno kumi hivi Mzee Hirsi aliposimama. Mkono wangu ukaenda tena kwenye kile kitufe cha giza.

Lakini alikwenda hadi ukutani. Aliinua bakora, akagusa safu ya juu, akaanza kueleza kwa Kisomali: hawa walidungwa kabla ya Gu, hesabuni ndama wenyewe kwa macho. Akagusa safu ya chini. "Na hawa ni sisi," akasema, "tunaongoja hadi mnyama atuambie anaumwa." Mnunuzi mmoja akabisha kwamba wale wa juu huenda walikuwa na malisho bora. Swali zuri sana, Sahra alikuwa na slaidi nzima ya kulijibu, lakini mfugaji mwingine akamjibu kabla yake, kwamba kundi lake lote lilikula malisho yale yale, wengine wakadungwa kabla na wengine baada, na ndama wakatofautiana vile vile. Wakabishana kwa muda mrefu, safu mbili zikiwa zimesimama ukutani juu ya vichwa vyao. Mimi nimekaa, kidole hewani, sina la kubonyeza.

Mwishowe imamu akamgeukia Sahra. "Daktari, una la kuongeza?"

Alinitazama. Zilibaki slaidi sita, zote nzuri. Nikatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Nawaomba tu mlete ngamia Jumatatu."

Watu walisimama wakaenda sokoni kwao. Kwetu mtu haahidi mnyama wake mbele ya umati, kwa hiyo tulilala siku tatu bila kujua kama tumepata au tumekosa. Sahra alipanga chupa zake za damu, akazipangua, akazipanga upya. Hakuweza kula, nami nilimlazimisha.

Jumatatu tulifika kwenye boma la kupimia ngamia kabla jua halijapanda. Boma lilikuwa tupu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia. Halafu tukasikia kengele za mbao, zile wanazovalishwa ngamia shingoni, na Mzee Hirsi akatokea na kundi lake lote, yule jike aliyekuwa ukutani akiwa wa kwanza. Nyuma yake wakaja wengine, na nyuma yao wengine. Sahra alianza kazi machozi yakimtoka, huku anatabasamu na kuwagombeza wasaidizi, vyote kwa pamoja.

Karibu na adhuhuri alifika mfugaji ambaye hatukumjua, kijana wa mbali ambaye hakuwahi kuwekwa kwenye orodha wala kuhudhuria mkutano wowote. Alitaka ngamia wake nao waangaliwe. Sahra akaniambia, "Edo, mwonyeshe slaidi aelewe kwanza." Nikafungua mfuko nitoe kompyuta.

"Si lazima, edo," yule kijana akasema. "Nimeshaambiwa kisimani." Akachuchumaa, akachora kwa fimbo mchangani safu moja ya ngamia, akaruka nafasi, akachora nyingine chini yake. Akaweka vidoti ubavuni, vingi juu, vichache chini. Kisha akanieleza mimi, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwa nini dawa idungwe kabla ya mvua.

Nilimsikiliza hadi mwisho, nikamshukuru kwa kunielewesha.